Herufi Moja Moyoni: Kiswahili na Maelezo ya Chanzo cha Maradhi ya Misuli ya Moyo

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kubeba maelezo ya utafiti kuhusu chanzo cha maradhi ya misuli ya moyo katika kiwango cha molekuli. Mfano mkuu ni ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, ambao badiliko la kwanza la jeni linalouleta lilitambuliwa mwaka 1990. Tunadhamiria kuonyesha kwamba kikwazo si uhaba wa istilahi pekee. Majina mapana mno, pamoja na vitenzi na hali zinazodai makubwa kuliko yaliyothibitishwa, huweza kumpotosha msikilizaji hata pale ambapo kila istilahi imo kamusini.

1.0 Utangulizi

Moyo umetumikishwa sana katika Kiswahili. Mtu hupiga moyo konde, humvunja mwenziwe moyo, hufa moyo, kisha akajipa moyo. Hata hivyo, utajiri huu wa nahau haumfai sana mgonjwa anayeambiwa hospitalini kwamba moyo wake ni mkubwa. Ukubwa huo ni wa namna gani? Umetokana na nini? Je, wanawe na ndugu zake nao wapimwe? Maswali haya ni ya kitabibu, lakini majibu yake hayana budi kupitia katika lugha, na kwa wengi wa watu wetu lugha hiyo ni Kiswahili.

Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka uo huo, watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba wamelipata badiliko la jeni linaloleta ugonjwa wa misuli ya moyo. Matukio haya mawili hayakuhusiana kwa vyovyote. Tunayaweka pamoja ili kuuliza: je, aliyejifunza sayansi kwa istilahi za upande wa kwanza anaweza kulieleza tukio la pili bila kulipotosha?

2.0 Jina Moja, Maradhi Mawili

Maelezo ya mitaani, "moyo mkubwa" au "moyo kupanuka", huficha hali mbili zinazotofautiana sana. Katika hali ya kwanza, kuta za moyo hunenepa, hasa ukuta unaotenganisha ventrikali mbili. Chumba cha ndani hubaki kidogo, na moyo hujikaza kwa nguvu lakini hulegea kwa shida. Katika hali ya pili, chumba hutanuka na moyo hushindwa kusukuma damu ipasavyo. Tunapendekeza hali ya kwanza iitwe moyo mnene na ya pili moyo uliotanuka, kwa kuwa vivumishi hivi vinataja kile anachokiona mpimaji.

Tofauti hii ni ya uhai na mauti. Baadhi ya dawa zinazoongeza nguvu za moyo uliotanuka zinaweza kumdhuru mwenye moyo mnene ambaye njia yake ya damu imezibana. Isitoshe, moyo mnene ni miongoni mwa sababu za vifo vya ghafla vya vijana, wakiwemo wanamichezo wanaoonekana kuwa na siha njema. Utafiti uliofanyiwa vijana nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1995 ulikadiria kwamba mtu mmoja kati ya 500 anao unene huo. Si ugonjwa wa nadra, kwa hivyo, bali ni ugonjwa ambao aghalabu haujatajwa.

3.0 Safari ya Kukitafuta Chanzo

Mwaka 1958 Donald Teare, mwanapatholojia wa London, alieleza mioyo ya vijana ambayo kuta zake zilikuwa zimenenepa kwa namna isiyo sawa. Aliona umbo, wala hakuona chanzo. Mwaka 1961 madaktari wa Kanada walichapisha maelezo ya ukoo mkubwa wa Quebec ambamo ugonjwa huu ulipita kutoka kizazi hadi kizazi. Hapo ikadhihirika kwamba swali la umbo ni swali la urithi pia.

Takriban miaka thelathini baadaye, kundi la Christine na Jonathan Seidman huko Boston liliurejea ukoo huo. Mwaka 1989 lilionyesha kwamba ugonjwa huo huandamana na sehemu fulani ya kromosomu ya 14. Mwaka 1990 likaitambua jeni yenyewe: ile inayobeba maagizo ya kuunda miosini, protini inayouwezesha msuli wa moyo kuvuta.

Badiliko lenyewe lilikuwa dogo ajabu. Maagizo ya jeni huandikwa kwa herufi nne, na kila kundi la herufi tatu hutaja asidi amino moja. Protini hii ya miosini ina asidi amino 1,935. Katika nafasi ya 403, wenye ugonjwa walikuwa na CAG badala ya CGG. Kwa sababu hiyo, asidi iitwayo arginini iliiachia glutamini nafasi yake.

Mwanafunzi wa fonolojia hatatatizika hapa, kwani anazijua jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti moja tu. "Kaka amelala" na "Paka amelala" ni sentensi sahihi kisarufi, ila aliyelala si yule yule. Ndivyo ilivyo kwa badiliko la nafasi ya 403: protini huundwa hadi mwisho, ila kazi yake hubadilika. Lipo pia badiliko la aina nyingine, ambalo hutia nukta kabla ya sentensi kukamilika, mithili ya kusema "Mama alimpa mtoto" kisha ukanyamaza. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba mabadiliko ya namna hii katika jeni ya titini, protini kubwa kuliko zote mwilini, yanapatikana katika takriban robo ya wagonjwa wa moyo uliotanuka wenye historia ya ugonjwa huo katika ukoo.

Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka wake. Msikilizaji akisikia "paka" mahali pa "kaka", muktadha utamsaidia kusahihisha. Seli haina muktadha wa aina hiyo. Huunda kile ilichoandikiwa.

4.0 Kutoka Chanzo hadi Dawa

Kulijua badiliko si sawa na kujua namna linavyodhuru. Awali baadhi ya watafiti walidhani kwamba miosini iliyobadilika ni dhaifu, na kwamba moyo hunenepa ili kufidia udhaifu huo, kama vile mkono wa mhunzi unavyotuna kwa kazi. Uchunguzi wa baadaye uliipindua dhana hiyo kwa mabadiliko mengi. Molekuli za miosini zina vichwa vinavyokamata nyuzi za aktini na kuzivuta. Katika moyo wenye afya, sehemu ya vichwa hivyo hupumzika na kuhifadhi nishati. Mabadiliko mengi ya jeni huvinyima vichwa hivyo mapumziko, hivyo vichwa vingi mno huvuta kwa wakati mmoja. Moyo hukaza kupita kiasi, hulegea kwa taabu, na hutumia nishati nyingi.

Maelezo haya mapya yalielekeza tiba mpya. Ikiwa tatizo ni kukaza kupita kiasi, basi dawa inayofaa ni ile inayovipumzisha vichwa vya miosini. Mwaka 2016 ilichapishwa kwamba kemikali ambayo baadaye iliitwa mavacamten ilizuia unene huo katika panya waliopewa mabadiliko ya jeni ya aina hii. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio la wagonjwa 251 ambao unene ulikuwa umeibana njia ya damu. Baada ya majuma 30, asilimia 37 ya waliopewa dawa walikifikia kigezo cha nafuu kilichowekwa, ikilinganishwa na asilimia 17 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha itumiwe. Mwaka 2023, makundi mawili ya watafiti yaliripoti kuwa yamesahihisha katika panya herufi ile ile ya nafasi ya 403.

5.0 Mambo Matatu ya Lugha

5.1 Chembe au seli? Wapo wanaopendelea "chembe" kwa kuwa ni neno letu la asili. Tatizo ni kwamba chembe huweza kuwa seli, molekuli, atomu au punje ya mchanga. Katika taaluma inayopanda na kushuka kati ya viwango hivyo, neno moja kwa vyote ni mtego. Fauka ya hayo, "chembe cha moyo" tayari ni jina la sehemu iliyo kati ya kifua na tumbo. Mwandishi anayesema "chembe za moyo zimeharibika" anaweza kueleweka kuwa anazungumzia maumivu ya hapo. Tunaunga mkono "seli", "molekuli" na "jeni", maneno ambayo mwanafunzi wa Kenya tayari anayatambua.

5.2 Kurithi nini? Tukisema "amerithi ugonjwa wa babake", tunaeleza kana kwamba ugonjwa ni shamba lililokabidhiwa likiwa kamili. Kinachorithiwa ni badiliko la jeni. Katika ugonjwa huu, kila mtoto wa mzazi mwenye badiliko ana uwezekano wa nusu kulipata. Haimaanishi kwamba kati ya watoto wanne ni lazima wawili walipate. Kila mimba huanza hesabu upya. Asiyelielewa hilo anaweza kudhani kwamba, kwa vile wakubwa wawili wameugua, wadogo wamesalimika na hawana haja ya kupimwa. Hapo kosa la maneno huwa kosa la uhai.

5.3 Hali ya hu-. "Jeni hii huleta kifo cha ghafla" ni sentensi fupi na inayovutia, lakini hu- ya mazoea hudai kwamba jambo hutokea kwa kawaida. Wapo watu wenye badiliko ambao unene wao hujitokeza uzeeni, na wengine usijitokeze kabisa. Sentensi ya haki ni "badiliko hili linaweza kuleta" au "huongeza hatari ya". Vivyo hivyo, "husababisha" na "huchangia" si visawe. Kuvitumia kwa kupokezana, eti ili kuepuka urudiaji, ni mtindo unaoharibu ukweli.

6.0 Mipaka ya Maelezo ya Kijeni

Haifai msomaji aondoke akidhani kwamba kila ugonjwa wa misuli ya moyo una herufi yake. Wagonjwa wengi wenye moyo mnene hupimwa jeni na lisipatikane badiliko linaloeleza hali yao. Karibu nasi upo mfano mwingine. Mwaka 1948 J.N.P. Davies, mwanapatholojia aliyefanya kazi Kampala, alieleza ugonjwa ambao ndani yake utando wa ndani wa moyo hupata makovu na moyo ukashindwa kujaa damu. Umaskini, lishe, maambukizi ya vimelea na urithi vyote vimechunguzwa. Hakuna kimoja kilichothibitishwa kuwa chanzo pekee. Mabingwa wa moyo mnene walipata ukoo mkubwa, rekodi za vizazi na maabara zilizofadhiliwa vyema. Ugonjwa wa Kampala umewaathiri zaidi watu maskini wa nchi za joto, na safari ya kukitafuta chanzo chake imekwenda polepole mno.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kinaweza kuifuata hoja ya kisayansi kutoka umbo la moyo hadi herufi ya jeni, na kutoka herufi hiyo hadi dawa. Kilichotupa taabu kubwa si istilahi ngeni bali ni maneno tuliyoyazoea: mkubwa, chembe, kurithi, huleta. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanafunzi wa isimu na wa udaktari katika vyuo vyetu washirikiane kuandaa maelezo mafupi ya Kiswahili kwa jamaa za wagonjwa, kisha wayajaribu kwa jamaa wenyewe kabla ya kuyachapisha. Pili, kozi za istilahi zisiishie kwenye orodha za nomino, bali zifunze pia namna kitenzi na hali yake zinavyobeba kiwango cha uhakika. Mzazi anayeambiwa "linaweza", na akaelezwa maana yake, atampeleka mwanawe kupimwa. Anayeambiwa "huua" huenda akakata tamaa, na anayeambiwa tu "moyo mkubwa" huenda asijue kwamba kuna la kufanya.