Somo la Tano: Kukodi Gari kwa Safari ya Familia

Masomo yaliyotangulia katika kijitabu hiki yalimhusu abiria anayekata tiketi. Abiria huyo hupanda basi ambalo njia yake inajulikana na nauli yake ina kikomo kilichotangazwa. Somo hili linamhusu mtumiaji wa aina nyingine: baba, mama, shangazi au kaka mkubwa anayekodi gari zima kwa siku kadhaa ili jamaa zake wasafiri pamoja. Huyu hana tiketi mkononi. Ulinzi wake wote umo katika makubaliano aliyoyafanya na katika hati za gari alilolichagua. Hayo mawili yakiwa dhaifu, hata sisi tulio na dhamana ya kudhibiti usafiri wa ardhini hukuta kwamba tuna machache ya kumsaidia.

Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Familia ya watu saba, akiwamo bibi na watoto watatu, inaishi Singida Mjini na inataka kutumia siku nne za likizo ya Juni kufanya mzunguko. Watatoka Singida hadi Babati kupitia Katesh, chini ya Mlima Hanang. Kutoka Babati watashuka hadi Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wataendelea hadi Dodoma, kisha watarudi nyumbani kupitia Bahi na Manyoni. Mzunguko huo ni takribani kilomita 660, na barabara kuu zake ni za lami. Familia hiyo ni ya kubuni. Njia ni ya kweli.

Gari la nani, na la kazi gani?

Gari la kwanza kutajwa huwa la mtu anayefahamika. Jirani ana Noah iliyotulia uani, naye husema kwa moyo mweupe: “Msihangaike, ndugu zangu. Wekeni mafuta, nipeni kidogo cha matengenezo, mengine tutamalizana mkirudi.” Hatupingi watu kusaidiana. Lakini neno hilo “kidogo cha matengenezo” hubadilisha mambo kuliko linavyosikika, na ndilo kiini cha somo hili.

Gari likiazimwa bila malipo, hilo ni jambo la undugu. Likilipiwa ili libebe watu, limeingia katika biashara, hata kama ni kwa siku nne tu. Kwa macho, tofauti huanza kuonekana kwenye namba za gari: gari la binafsi lina kibao cha njano, gari la biashara lina kibao cheupe. Gari la biashara linalobeba abiria linapaswa kuwa na leseni ya usafirishaji inayotolewa na Mamlaka, na leseni hiyo hueleza kazi iliyoruhusiwa. Leseni ya kukodi haifanani na leseni ya njia maalumu. Hivyo Hiace inayofanya kazi kati ya Singida na mji wa jirani haiwezi kuamka tu asubuhi moja ikaelekea Babati na familia. Mmiliki wake anatakiwa kupata kibali kwanza. Mwombeni mwenye gari awaonyeshe leseni au kibali hicho. Mkiwa na shaka, fikeni katika ofisi yetu ya mkoa na namba ya gari.

Jambo zito zaidi ni bima. Sheria inalitaka kila gari barabarani liwe, kwa uchache, na bima ya mtu wa tatu, na watu wengi wakiiona stika huridhika. Stika inathibitisha kwamba bima ipo. Haisemi kwamba itailipa familia yenu. Mkataba wa bima hutaja matumizi ya gari yaliyokubaliwa, na gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali wakati limebeba watu kwa malipo, kampuni ya bima inaweza kudai kwamba masharti yamevunjwa na kukataa kulipa. Hapo ndipo “tutamalizana mkirudi” inapogeuka kuwa bili ya hospitali isiyo na wa kuilipa, na ujirani wa miaka mingi kuingia mahakamani. Jirani mwenyewe huenda hakujua. Alikata bima ya bei aliyoimudu, akaenda zake.

Kwa hiyo fanyeni mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kwanza, hakikini bima kwa namba ya gari au ya stika katika mfumo wa mtandaoni wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), mtazame tarehe ya mwisho na aina ya bima. Pili, ombeni kuiona hati yenyewe na msome sehemu ya matumizi. Ikiwa imeandikwa matumizi binafsi, tafuteni gari lingine. Mwenye gari asikasirike. Anayeulizwa hivyo analindwa pia.

Kwa namba hiyo hiyo ya gari mnaweza kuangalia katika mfumo wa Jeshi la Polisi kama gari lina madeni ya faini za barabarani. Gari lenye madeni linaweza kusimamishwa Katesh huku watoto wakiwa na njaa na mwenye gari akiwa hapokei simu.

Hesabu ya viti

Familia yetu ina watu saba. Dereva ni wa nane, na Noah nyingi zina viti saba au vinane, cha dereva kikiwamo. Hesabeni viti kwa kuvikalia, si kwa kuambiwa. Kisha, siku mbili kabla ya safari, binamu atapiga simu kuuliza kama kuna nafasi. Nafasi itapatikana, kwa kuwa sisi Waafrika hatumwachi mtu, na mtoto atapakatwa kiti cha mbele. Tunaomba jambo hili likataliwe bila aibu. Mtoto aliyepakatwa mbele hana kinachomzuia gari likifunga breki ghafla, na uzito wa aliyempakata humwelemea yeye. Tena abiria aliyezidi idadi huipa kampuni ya bima hoja nyingine ya kukataa. Binamu apande basi hadi Babati, mkutane huko.

Dereva naye aulizwe leseni yake. Daraja D ni la kuendesha gari la binafsi. Anayebeba abiria kwa malipo anatakiwa kuwa na daraja C la aina inayolingana na idadi ya abiria anaowabeba.

Makubaliano yaandikwe

Mkataba wa mdomo ni mkataba, ila kuuthibitisha ni kazi. Karatasi moja ya daftari inatosha, mradi ina majina ya pande mbili, namba ya gari, tarehe na saa ya kuchukua na kurudisha, njia itakayopitwa, bei, kiasi kilicholipwa, na saini mbele ya shahidi. Ongezeni yale ambayo watu huona haya kuyataja: nani anamlipia dereva chakula na malazi, nani analipa ushuru wa maegesho, nani analipa faini, na gari likiharibika njiani nani analeta lingine na ndani ya muda gani. Faini ya mwendo kasi ni ya dereva; ya tairi lililoisha ni ya mwenye gari. Mkiandika hivyo mapema, hakuna atakayebishana kando ya barabara. Malipo yapite njia inayoacha kumbukumbu, na mdai risiti ya mashine ya kodi.

Tazameni pia sharti la bei. Bei kwa siku, bei kwa kilomita na bei kwa safari nzima ni mambo matatu tofauti. Anayesema “kwa siku” anahesabu saa 24 au anahesabu hadi jua kuzama? Familia inayorudi saa mbili usiku siku ya nne inaweza kudaiwa siku ya tano.

Huko Ufaransa, familia nyingi huzuru mashamba na vijiji kwa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, na hukodishwa gari hilo bila dereva. Ufunguo hautolewi mpaka mteja na mwenye gari walizunguke pamoja na kujaza hati ya hali yake: mikwaruzo, vioo, tairi, kiasi cha mafuta, kilomita zilizosomwa. Wote wawili husaini, na hati hiyo hiyo husomwa tena siku ya kurudisha. Dhamana ya mteja hurudishwa au hukatwa kwa kulinganisha nyakati hizo mbili. Hatuhitaji fomu ya kampuni kubwa kufanya hivyo Singida. Simu yenye kamera inatosha: pigeni picha pande nne za gari, dashibodi ikionyesha kilomita na mafuta, tairi la akiba, jeki, mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari. Tumeni picha hizo kwa mwenye gari papo hapo, ili tarehe na saa zibaki katika simu zote mbili.

Mafuta

Tuseme gari lililojaa watu linakwenda kilomita 9 kwa lita. Kwa kilomita 660, pamoja na mizunguko ya mijini, wekeni hesabu ya kilomita 700. Hizo ni lita 78 hivi. Zidisheni kwa bei ya kituo chenu. EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Safari inayovuka siku hiyo iwekewe akiba kidogo. Gari lirudishwe na mafuta kwa kiasi lilichochukuliwa nacho, na sharti hilo liandikwe.

Msimu na saa za kutembea

Tumechagua Juni kwa makusudi. Mvua za ukanda huu hunyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na likizo ya Desemba huangukia humo. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Anayelazimika kusafiri Desemba afuatilie taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni, na mkataba wake uruhusu kuahirisha bila kupoteza malipo yote. Juni ina upepo na baridi ya usiku, lakini barabara ni kavu.

Siku nne si nyingi mno kwa mzunguko huu. Siku ya kwanza, kilomita 170 hivi hadi Babati. Siku ya pili, Kolo na kulala Kondoa. Siku ya tatu, Dodoma. Siku ya nne, kilomita 240 hivi hadi nyumbani. Wapo watakaoshawishika kuufunga kwa siku mbili ili kuokoa kodi ya gari, wakitaja kwamba tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kutembea saa 24. Ruhusa hiyo iliambatana na masharti. Basi la safari inayozidi saa 8 huwa na madereva wawili, na mwenendo wake hufuatiliwa kwa mfumo. Gari lenu lina dereva mmoja. Baada ya Kintinku barabara huupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, pamoja na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Sehemu hiyo ipiteni mchana.

Huko Kolo, njia ya kuelekea kwenye miamba ni ya vumbi na mawe, na mwisho wake hupandwa kwa miguu. Kama mkataba unasema lami tu, basi uharibifu wowote chini ya gari utakuwa juu yenu. Ulizeni ofisi ya Kolo, ambako pia hupatikana mwongozaji, kabla ya kuacha barabara kuu.

Kulala

Gari-nyumba limetengenezwa ili lilalwe, na vijiji vingi vya Ufaransa vimelitengea maegesho yenye maji na mahali pa kumwaga taka. Noah haikutengenezwa hivyo. Wanaotaka kuokoa fedha za nyumba ya wageni kwa kulala ndani ya gari wajue jambo moja ambalo hatuwezi kulisema kwa upole: jiko la mkaa ndani ya gari lililofungwa vioo, au injini iliyoachwa ikinguruma kwa ajili ya joto, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na aliyelala haamki. Wekeni vyumba kwa simu siku moja kabla, mkithibitisha bei na kama kuna ulinzi wa gari usiku.

Kurudisha gari

Rudisheni gari mchana, mwenye gari akiwapo. Pigeni picha zile zile, kwa mpangilio ule ule, kisha aandike chini ya mkataba kwamba amelipokea na kiasi cha dhamana alichorudisha. Akidai uharibifu, aonyeshe, nanyi mtazame picha ya kwanza. Mkishindwa kuelewana, mwandikieni dai lenu na mbaki na nakala. Suala la leseni, kuzidisha abiria au uendeshaji wa hatari lileteni katika ofisi ya Mamlaka mkoani, mkiwa na namba ya gari, tarehe, mahali, nakala ya makubaliano na risiti. Dai la fedha ambalo halihusu leseni huenda mahakamani, na karatasi mtakayoiweka mbele ya hakimu ni ile ile ya daftari, yenye saini mbili na jina la shahidi.