Sumu Iliyo Sahanini

Hapa Riruta Satellite wengi wetu hununua mahindi kwa gorogoro, au huletewa gunia kutoka ushago. Mahindi yenye uvundo huuzwa bei ya chini. Mama mwenye watoto wanne na shilingi chache huona heri hayo kuliko kulala njaa. Somo letu la leo ni juu ya sumu iliyomo katika mahindi kama hayo, na juu ya daktari aliyeifuata mpaka kwenye sahani za watu.

Daktari wa kuhesabu

Dakt. C. A. Linsell alifanya kazi katika maabara hapa Nairobi. Alichunguza vipande vya nyama vilivyotolewa miilini mwa wagonjwa, ajue kama ni kansa. Mwaka 1967 alichapisha hesabu ya kansa zilizoonekana Kenya tangu 1957 hadi 1963. Hesabu hiyo ilikuwa msingi. Huwezi kuuliza kwa nini ugonjwa umezidi huku kuliko kule, kama hujui uko wapi.

Huko Uingereza, mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa baada ya kulishwa chakula cha njugu kilichoota kuvu. Sumu iliyowaua ikaitwa aflatoksini, au sumukuvu. Panya walipolishwa sumu hiyo walipata kansa ya ini. Sasa swali likawa: je, binadamu?

Safari ya Murang'a

Linsell na mwenzake F. G. Peers, wakifanya kazi na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, walikwenda Murang'a. Wilaya hiyo inaanzia juu kwenye baridi ya Nyandarua na kushuka hadi nyanda za chini zenye joto. Walipima chakula chenyewe, kilichopikwa tayari kuliwa, sahani zaidi ya 2,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 1973. Kule juu, sahani kama 5 katika kila 100 zilikuwa na sumu. Kule chini zilikuwa karibu 10 katika kila 100. Na kansa ya ini nayo ilizidi kadiri sumu ilivyozidi.

Hata hivyo walilinganisha sehemu na sehemu, si mtu na mtu. Kwa hiyo kazi hiyo peke yake haikutosha. Waliendelea Swaziland (sasa Eswatini), wakaona mambo yale yale. Mwaka 1987 shirika lao liliiweka aflatoksini kati ya vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu. Utafiti wa Shanghai, China, mwaka 1992, ulionyesha kwamba hatari hupanda sana mtu akiwa na sumu hii pamoja na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Sumu ikiwa nyingi huua upesi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Ikiwa kidogo kidogo, hukaa kimya miaka mingi. Ndiyo maana watu husema, "Mbona sisi tumekula na hatujafa?"

Watu husema, lakini…

"Nikichemsha sana itaisha." La. Moto wa jikoni hauimalizi.

"Nitasaga, haitaonekana." Kweli haitaonekana, lakini imo. Unga hauchambuliki. Chambua mahindi kabla ya kwenda kwa mashine.

"Basi nitampa ng'ombe." Sumu hutoka kwenye maziwa, na mtoto wako anakunywa.

Tufanye nini?

1. Toa punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye kuvu. Lakini ujue kwamba punje safi kwa macho yaweza pia kuwa na sumu, kwa hiyo kukausha ndiko kwa maana zaidi.

2. Pima ukavu. Tia mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu, funga, tikisa, ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo.

3. Weka gunia juu ya mbao, mbali na ukuta na paa linalovuja.

4. Badilisha chakula: siku nyingine viazi au ndizi.

5. Peleka mtoto kliniki. Tangu mwaka 2001 chanjo ya homa ya ini aina ya B imo katika chanjo za watoto wachanga Kenya.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Linsell na Peers walipima chakula kilichopikwa badala ya mahindi ya ghalani?

2. Mtaani kwetu, nani hununua mahindi mabovu, na kwa nini?

3. Je, kikundi chetu chaweza kuchanga pesa tununue gunia moja kavu, tugawane kwa gorogoro? Nani atalipima kwa chumvi kabla ya kulipa?