Kuyaondoa Maji ya Mvua Karibu na Nyumba

Katika kisiwa cha Mombasa ziko kuta nyingi ambazo lipu yake hubanduka kila mwaka, kuanzia chini mpaka kimo cha kiuno cha mtu. Mwenye nyumba humwita mwashi, mwashi hukwangua na kupaka upya, na baada ya masika mawili ukuta huwa vile vile tena. Wengine husema ni kosa la chokaa. Wengine husema ni hewa ya bahari. Aghalabu kosa lenyewe haliko ukutani, bali liko katika ardhi iliyouzunguka.

Nyumba za zamani za Mji wa Kale, kama zile za Ndia Kuu na Kibokoni, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe hilo lina vitundu vingi, nalo hunywa maji kama utambi unywavyo mafuta ya taa. Maji yakituama penye msingi hupanda ndani ya ukuta polepole, yakichukua chumvi. Ukuta ukikauka maji hutoka, lakini chumvi hubaki, nayo ikigeuka kuwa chembe ngumu huisukuma lipu mpaka ikaanguka. Baadhi ya watu hupaka saruji wakidhani kwamba ndiyo dawa. Kumbe saruji huyazuia maji yasitoke nje, nayo hupanda juu zaidi, pengine hata kufikia ncha za boriti zichukuazo dari. Na boriti iliyolowa ndani ya ukuta huoza pasipo mtu kuiona. Hapo si jambo la uzuri wa nyumba tena, ni jambo la roho za watu walalao chini ya dari hiyo.

Yafaa kufikiri kwanza wingi wa maji yenyewe. Paa la urefu wa futi 40 na upana wa futi 30 likinyeshewa mvua ya inchi 1 tu, hupokea maji yapatayo madebe 140 ya lita 20, na yasipokuwa na mlizamu wa kuyapeleka mbali, yote huanguka chini ya upenu. Mvua ya kiasi hicho si ajabu Mombasa mwezi wa Mei. Na watu walioziona mvua za Oktoba 1997, au zile za Novemba 2023, wajua ya kuwa huja kubwa kupita hiyo.

Dawa ni kuinamisha ardhi. Penye uwanja, ardhi na ishuke inchi 6 katika futi 10 za kwanza kutoka ukutani. Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Hupigwa kigingi kimoja karibu na ukuta na kingine umbali wa futi 10, hufungwa uzi kati yake, na uzi husawazishwa kwa pimamaji. Kisha hupimwa kutoka uzi mpaka chini katika kila kigingi; kipimo cha kigingi cha mbali kizidi kile cha ukutani kwa inchi 6. Asiye na pimamaji aweza kutumia mpira mwembamba uonyeshao maji ndani yake, kwa kuwa maji ya ncha zote mbili husimama sawasawa.

Udongo wa kuongeza uwe wa kunata, utandazwe kidogo kidogo, unyunyiziwe maji na kushindiliwa. Mchanga mtupu haufai, maana maji hupenya moja kwa moja mpaka msingini. Tena udongo usirundikwe mpaka ukakaribia sakafu. Ubaki chini yake kwa inchi 6 angalau, ama sivyo mchwa hupata njia ya siri ya kuingilia. Ikiwa uwanja umekwisha kuwa juu kuliko sakafu, basi kazi ni kuondoa udongo, si kuongeza. Wala mfereji usichimbwe ukutani kabisa, kama wafanyavyo wengi. Mahali pake ni mwisho wa mteremko. Na maji hayo yasielekezwe kisimani wala katika shimo la choo, kwani shimo likifurika uchafu wake hupita upesi katika mwamba wa matumbawe na kuvifikia visima vya jirani.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale futi 10 hazipatikani, na hapo kichochoro chenyewe ndicho mfereji wa wote. Wajenzi wa zamani waliweka baraza za mawe mbele ya nyumba. Pamoja na kukaliwa jioni, baraza huukinga mguu wa ukuta na matone yarukayo. Hatari kubwa ni njia kuinuliwa. Kila tabaka jipya litandazwapo juu ya lile la zamani, kizingiti huzama, hata nyumba iliyokuwa juu ya njia ikawa chini yake. Kwa hiyo tabaka la zamani liondolewe kwanza, na njia ishuke kutoka kuta zote mbili kuelekea mchirizi wa katikati, inchi 1 kwa kila futi 4, nao mchirizi ushuke kufuata mwinamo wa ardhi. Mtu akiinua mbele ya mlango wake peke yake, huwa amemhamishia jirani maji. Afadhali wenye nyumba wa kichochoro kimoja wapatane, waende pamoja kwa wahandisi wa Kaunti na kwa ofisi ya kuhifadhi Mji wa Kale, iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kabla ya jiwe lolote kung'olewa.

Miezi ifaayo kwa kazi hii ni Januari na Februari, wakati wa ukavu. Ikiisha, yamwagwe madebe mawili ya maji karibu na ukuta na kutazamwa yaendako. Yatakapotuama ndipo pa kuongeza udongo na kushindilia tena, kabla ya mvua za masika kuanza.