Adabu ya Kuomba: Kijana wa Nairobi Mjini Arusha

Kijana wa Nairobi wa miaka 16 anavuka mpaka wa Namanga pamoja na wazazi wake, kwenda likizo Arusha. Mkahawani anasema, "Nipe chai." Mhudumu anakunja uso. Tungo hiyo ni sanifu: kiambishi cha mtendewa, mzizi, kiishio -e. Kosa basi li wapi? Tanzania Bara, mteja husema "Naomba chai", hata kama atailipia. Kitenzi omba hapo hakimaanishi kusihi, bali hubeba heshima. Hali kadhalika shikamoo: kijana aliisoma darasani, nyumbani haisemi, ilhali Arusha wakubwa huisubiri.

Usanifishaji ulioteua Kiunguja kuwa msingi, katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulishughulikia zaidi tahajia na maumbo. Adabu za matumizi ziliachiwa jamii. Mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili somo la lazima nchini Kenya mwaka 1985, mitihani ilipima ngeli kuliko adabu (wahadhiri wasikasirike).

Siku ya tatu, bila kufunzwa na mtu, kijana anasema, "Naomba maji." Mamaye anacheka. Mhudumu hacheki, anayaleta.