Sauti Imwitayo Mbweha

Upande wa kaskazini wa Mlima Meru mvua ni chache, na nchi ni ya majani mafupi na miiba. Huko watu hufuga mbuzi na kondoo, na huko pia hukaa mbweha. Mbweha tunayemsema ni yule mwenye mgongo mweusi uliochanganyika na nywele nyeupe, na ubavu wa rangi ya kutu. Hukaa wawili wawili, dume na jike, nao hulea watoto wao pamoja. Chakula chake ni panya, wadudu, matunda na mizoga. Lakini akimpata mwana-mbuzi asiye na mlinzi, hamwachi.

Yuko mwingine afananaye naye kidogo, aitwaye mbweha masikio, kwa kuwa masikio yake ni makubwa mno. Huyu hula hasa mchwa na wadudu wengine, naye huwasikiliza kwa masikio hayo wanapotembea chini ya udongo. Yeye si mwizi wa mbuzi. Basi yampasa mchungaji kumtambua mwizi kabla ya kuinua fimbo, asije akamwadhibu asiye na kosa.

Sikilizeni sasa habari ya kijana mmoja mchungaji. Jioni moja alikuwa akirudisha kundi, akaona mwana-mbuzi mmoja anachechemea. Kwa kuwa amechoka, hakumwingiza zizini, bali alimfunga nje chini ya mti, akasema moyoni, "Nitamtazama asubuhi." Usiku kucha yule mwana-mbuzi alilia akimtaka mamaye. Kulipopambazuka palikuwa na kamba, damu, na mabaki ya nyama na mifupa.

Kijana akakasirika sana. Akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ili aipake juu ya yale mabaki, mbweha akirudi ale na kufa. Mara babu yake akatokea.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Dawa hiyo ni ya nini?"

"Ni ya mbweha, babu. Amekula mbuzi wetu."

"Na nani aliyemwita?"

"Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe."

Mzee akatikisa kichwa. "Mbuzi alimwita usiku kucha, na aliyemfunga pale ni wewe. Tena sumu haichagui. Atakufa mbweha, atakufa tumbusi, atakufa na mbwa wetu alindaye zizi."

Kijana akainamisha uso. Kisha akairudisha dawa mahali pake, akachimba shimo refu, akayafukia yale mabaki.

Je, maneno ya mzee yalikuwa kweli? Naam, na wawindaji wa nchi nyingine wanaijua siri hiyo. Katika Marekani yuko mnyama wa jamii ya mbweha na mbwa, aitwaye koyote. Mwindaji wa koyote hujificha kichakani, akikaa mahali ambapo upepo hautampelekea mnyama harufu yake. Hapo hupuliza filimbi iliayo kama sungura aliyeshikwa. Koyote akisikia hudhani kwamba amepata chakula pasipo taabu, akaja mwenyewe mpaka mbele ya bunduki. Mnyama mwenye njaa huifuata sauti ya mnyonge.

Fisi naye ni vivyo hivyo. Fisi wakigombea mzoga, makelele yao huwaleta wenzao kutoka mbali. Wataalamu wameitumia tabia hii si kwa kuua, bali kwa kuhesabu. Katika Masai Mara, nchi ya Kenya, wataalamu wawili, Ogutu na Dublin, walitumia mashine kutoa sauti zilizonaswa, wakaangalia simba na fisi waliozifuata, wapate kukadiria idadi yao. Habari ya kazi yao ilichapishwa mwaka 1998. Tazameni: hila ni ile ile, lakini mmoja huitumia aue, na mwingine huitumia apate maarifa.

Lakini sumu haina maarifa. Mwezi wa Februari 2018, katika sehemu za Ruaha, kusini mwa nchi yetu, simba sita walikufa kwa sumu, na pamoja nao tumbusi zaidi ya sabini. Tumbusi hawali mbuzi wazima; kazi yao ni kumaliza mizoga, isioze na kunuka. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda kwa sumu, na kuwinda pasipo kibali.

Basi mchungaji afanye nini? Kwanza, ahesabu kundi lake kila jioni, na aliye mgonjwa alale ndani. Pili, afukie mizoga mbali na nyumba, maana harufu nayo huita kama sauti. Tatu, aimarishe zizi. Katika nyika za Simanjiro, kusini ya Arusha, wafugaji wengi wamepanda miti ya jamii ile itoayo manemane kuzunguka mazizi yao, wakakaza waya juu yake. Miti hukua na kuwa ukuta ulio hai, ambao huzidi nguvu mwaka hata mwaka. Nne, mnyama akizidi kusumbua, mzazi apeleke habari kwa afisa wa wanyamapori.

Daudi alikuwa mchungaji kabla hajawa mfalme, na katika kulinda kondoo wachache wa babaye alijifunza kulinda taifa. Nanyi msidharau kazi ndogo ya jioni. Mwana-mbuzi aliapo, wako wawili wamsikiao: mchungaji na mbweha. Atakayefika kwanza ndiye atakayempata.

MASWALI

1. Mbweha mgongo mweusi na mbweha masikio hutofautiana namna gani katika chakula chao?
2. Kwa nini babu alisema kwamba mbweha ameitwa?
3. Kwa nini mwindaji wa koyote huangalia upepo?
4. Eleza madhara mawili ya sumu.
5. Andika habari ya zizi la kwenu: limejengwa kwa nini, na lina upungufu gani?