Safari Haiishii Uwanja wa Ndege
Malaria na wiki za kwanza baada ya kurudi unakoishi

Kijitabu hiki ni cha ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Uarabuni, wanaokuja Afrika Mashariki kutembelea jamaa kisha wakarudi. Siku ya mwisho ya ziara kama hiyo ina pilika zake. Masanduku hupimwa uzito mara mbili tatu ili dagaa na unga vipate nafasi, majirani huja kuaga, na watu hukaa uani hadi usiku kwa kuwa ndege nyingi huondoka saa za usiku. Chandarua kimeshakunjwa, na vidonge vya kinga vimesahauliwa chini ya mkoba kwa sababu ziara imekwisha. Tunachotaka kukueleza ni kwamba kwa upande wa malaria, ziara haijaisha saa hiyo. Siku ya kuondoka ndiyo siku ya kwanza ya kuhesabu, na hesabu hiyo huenda hadi miezi mitatu.

Kwa nini hesabu huanza siku ya kuondoka

Sababu iko kwenye ini. Mbu jike wa Anofelesi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na vimelea anavyoingiza havikai kwenye damu. Hukimbilia ini na kuzaliana humo kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hutoka kushambulia chembe nyekundu za damu. Maficho haya yaliwachukua wataalamu miaka mingi kuyagundua. Laveran aliviona vimelea kwenye damu ya mgonjwa nchini Algeria mwaka 1880, Ross akaviona ndani ya mbu nchini India mwaka 1897, lakini hatua ya ini ilikuja kuthibitishwa London mwaka 1948 na Shortt pamoja na Garnham, daktari aliyekuwa amefanya kazi Kenya kwa miaka mingi. Vimelea vikiwa kwenye ini, mtu hajisikii vibaya na kipimo cha damu hakioni kitu. Ndiyo maana aliyeumwa usiku wa kuagana hupanda ndege akiwa mzima, akarudi kazini akiwa mzima, kisha homa ikamshika wiki ya pili, ya tatu au hata baadaye.

Ukiyaelewa hayo, utaelewa pia kwa nini vidonge vya kinga huendelea kumezwa baada ya safari. Doksisaiklini na meflokwini huua vimelea vikishaingia kwenye damu, si vikiwa bado kwenye ini. Kwa hiyo humezwa wiki 4 zaidi baada ya kuondoka kwenye eneo la malaria, ili vimelea vikitoka vikute dawa inavisubiri. Atovakuoni-proguanili huvishambulia hata vikiwa kwenye ini, na kwa sababu hiyo siku 7 baada ya kuondoka zinatosha. Anayeacha vidonge siku ya safari ni kama mlinzi aliyekesha usiku mzima akaenda kulala kabla ya mapambazuko, adui angali kichakani.

“Malaria imenizoea”

Wapo watakaosema: mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia Kisumu, malaria si mgeni kwangu. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mtu mzima anayeishi penye malaria hujijengea kinga inayomwepusha na ugonjwa mkali. Lakini kinga hiyo hulishwa na kuumwa na mbu mara kwa mara, na miaka ya kuishi pasipo na mbu hao huipunguza. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni hana kabisa kinga hiyo, hata kama wazazi wake wote wametoka pwani. Uingereza ilithibitisha wagonjwa zaidi ya 2,000 wa malaria iliyotoka nje ya nchi mwaka 2023, na mwaka baada ya mwaka wengi wa wagonjwa ambao sababu ya safari yao inajulikana huwa ni watu waliokwenda kutembelea jamaa, si watalii. Mtalii huona anakwenda ugenini, akamwona daktari kabla ya kuondoka. Anayekwenda kwao haoni haja hiyo, kwani nani huomba ushauri wa daktari ili akamsalimie mama yake? Hilo si ujinga, ni mapenzi na mazoea. Lakini mbu hachagui mgeni wala mwenyeji.

Wengine husema walikaa wiki mbili tu, tena hawakuona mbu. Ni kweli hatari hailingani kila mahali. Katikati ya Nairobi ni ndogo kuliko kandokando ya Ziwa Viktoria. Hata hivyo, wageni wengi hawabaki mjini. Huenda kijijini kuzuru makaburi na kuwaona wazee, na mbu mmoja tu mwenye vimelea anatosha kumwambukiza mtu aliyelala. Wengine hulalamikia bei ya vidonge na madhara yake, na malalamiko hayo ni ya haki. Meflokwini, kwa mfano, huwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya na wasiwasi. Jibu lake ni kumwomba daktari au mfamasia akubadilishie dawa, si kuiacha.

Wapo pia wanaofunga dawa mseto ya kutibu malaria sandukuni, wakaimeza homa ikianza. Dawa mseto ni tiba nzuri kwa aliyepimwa, lakini haichukui nafasi ya vidonge vya kinga wala ya kipimo. Dozi isiyokamilika huweza kupunguza vimelea vya kwenye damu kiasi cha kumpotosha mpimaji, na malaria kali huhitaji sindano ya atesuneti hospitalini, si vidonge vya kumeza nyumbani.

Homa ikikushika ukiwa umerudi

Malaria inapoanza hufanana sana na mafua: homa, kutetemeka, kichwa na maungo kuuma, pengine kutapika au kuharisha. Mgonjwa akisubiri ipite yenyewe, malaria ya falsiparamu, ile aina kali, inaweza kumfikisha kwenye hatari ya kifo ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo homa yoyote ndani ya miezi 3 baada ya kurudi ichukuliwe kuwa dharura, hata kama ulimeza vidonge vyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na zaidi ya yote mwahishe mtoto, mjamzito na mwenye sikoseli. Usimngoje daktari aulize, kwani huenda hajamwona mgonjwa wa malaria kwa miaka. Mwambie: “Nimetoka Afrika Mashariki tarehe fulani, naomba nipimwe malaria leo.” Kipimo cha kwanza kisipoona vimelea, omba kirudiwe baada ya saa 12 hadi 24, na mara ya tatu vilevile.

Hayo yote hutegemea kukumbuka tarehe moja. Kabla hujafunga sanduku, iandike tarehe ya kuondoka kwenye pakiti ya vidonge, na pembeni yake andika siku ya kidonge cha mwisho. Usiku wa kuagana vaa mikono mirefu, paka dawa ya mbu, na kama utalala hata saa mbili tu kabla ya kwenda uwanjani, lala ndani ya chandarua. Ukifika, wapigie uliowaacha uwaambie umefika salama, kisha ukameze kidonge cha siku hiyo.