SAUTI INAYOUNGUZA: ULTRASAUNDI ILIYOKUSANYWA NA TIBA YA SARATANI YA TEZI DUME

Mwanafunzi aliyewahi kushika lenzi mbinuko juani anajua kwamba miale isiyodhuru kitu inapotawanyika huweza kuchoma karatasi inapokusanywa mahali pamoja. Jambo hilo hilo laweza kufanywa kwa sauti. Katika makala haya tutaeleza jinsi sauti isiyosikika inavyokusanywa ndani ya mwili ili kuunguza saratani bila kupasua ngozi. Tutaonyesha pia kwamba kanuni zile zile za fizikia zinazoipa tiba hii nguvu ndizo zinazoiwekea mipaka.

1. Tezi dume na tatizo la tiba

Tezi dume ni kiungo cha mwanamume kilichoko chini ya kibofu cha mkojo na mbele ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Hutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Upana wake kwa mtu mzima mwenye afya ni kama sentimita 4. Mrija wa mkojo hupita katikati yake, na neva zinazohusika na nguvu za kiume hupita ubavuni mwake.

Saratani ya tezi hii ni miongoni mwa zile zinazowapata wanaume wengi zaidi duniani, na Afrika ya Mashariki haikusalimika. Tiba zilizozoeleka ni kuiondoa tezi yote kwa upasuaji, au kuipiga mionzi. Tiba hizo zimeokoa maisha ya wengi. Lakini kwa kuwa tezi imebanwa na viungo vingine, baadhi ya waliotibiwa hushindwa kuzuia mkojo au hupoteza nguvu za kiume. Ndipo wataalamu walipojiuliza: je, yawezekana kuharibu sehemu iliyougua tu, na kuyaacha yaliyoizunguka?

2. Ultrasaundi ni nini?

Sikio la binadamu husikia sauti zenye marudio, yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde, kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. Sauti inayozidi hapo huitwa ultrasaundi. Popo na pomboo huitumia kutafutia njia na mawindo.

Ili kuitoa kwa ufundi, twatumia tabia ya fuwele iliyogunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Fuwele za aina fulani, kama kwatzi, zikibanwa hutoa umeme. Na kinyume chake, zikipewa umeme unaobadilika hutikisika na kutoa sauti.

Tufanye hesabu ndogo. Kasi ya sauti katika nyama laini za mwili ni kama mita 1,540 kwa sekunde. Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawanya kasi kwa marudio. Sauti ya mtu yenye hezi 200 ingekuwa na wimbi la urefu wa mita 7.7, nalo haliwezi kamwe kukusanywa ndani ya kiungo cha sentimita 4. Lakini ultrasaundi ya hezi 3,000,000 ina wimbi la milimita 0.5 tu. Hiyo yaweza kukusanywa barabara.

Mbona basi hatupandishi marudio zaidi na zaidi? Kwa sababu marudio yakiongezeka, nyama hufyonza nishati zaidi, na mawimbi hufifia kabla ya kufika ndani. Kwa tezi dume, marudio yanayotumika zaidi ni hezi milioni 3 hadi 4.

3. Kutoka sauti hadi joto

Tuchukue kifaa cha umbo la sahani yenye mbonyeo, kipenyo chake milimita 40, kinachokusanya mawimbi katika duara la kipenyo cha milimita 2. Eneo limepungua mara 20 × 20, yaani mara 400. Ikiwa usoni pa kifaa ukali wa mawimbi ni wati 5 kwa sentimita mraba, penye fokasi utakuwa wati 2,000 kwa sentimita mraba, tukiacha nishati inayofyonzwa njiani. Nguvu yote inayotoka ni wati 63 tu, karibu sawa na ya globu ya zamani ya wati 60. Nguvu si nyingi. Kilichobadilika ni jinsi ilivyokusanywa.

Penye fokasi nishati hugeuka joto. Kwa sekunde chache tu, nyama hupanda kutoka nyuzi 37 za Selisiasi hadi kupita nyuzi 60. Hapo protini za seli huganda, mithili ya ute wa yai ndani ya maji ya moto, na seli hufa. Sehemu inayounguzwa kwa pigo moja ina ukubwa wa punje ya mchele: urefu wa milimita 10 hivi na unene wa milimita 2 au 3. Baada ya kila pigo husubiriwa kidogo ili joto lisitapakae, kisha fokasi husogezwa. Hivyo punje kwa punje eneo lote lililokusudiwa huunguzwa.

4. Historia kwa ufupi

Wazo hili si jipya. Mwaka 1942 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba ultrasaundi iliyokusanywa huweza kuharibu nyama ya ndani bila kudhuru ile ya juu. Katika miaka ya 1950 ndugu William na Francis Fry wa Chuo Kikuu cha Illinois waliitumia katika uchunguzi wa ubongo. Kilichokosekana ni macho: hapakuwa na njia nzuri ya kuona ndani ya mwili ni wapi panapounguzwa. Picha za ultrasaundi, na baadaye picha za sumaku, ziliziba pengo hilo. Katika miaka ya 1990 tiba ya tezi dume ilijaribiwa Lyon, Ufaransa, na Indianapolis, Marekani. Mwaka 2015 serikali ya Marekani iliruhusu vifaa hivyo kutumika kuharibu nyama ya tezi dume.

5. Utaratibu wa tiba

Mgonjwa hupewa nusukaputi au ganzi ya uti wa mgongo. Kifaa huingizwa katika puru, kwa kuwa toka hapo hadi kwenye tezi ni sentimita chache tu. Kifaa hufunikwa kwa mfuko wa maji baridi. Maji hayo yana kazi mbili: kuulinda ukuta wa puru usiungue, na kuondoa hewa, maana mpaka kati ya nyama na hewa hurudisha zaidi ya asilimia 99 ya nishati ya sauti. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake, wakiwa na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa.

6. Ushahidi na mipaka

Vijiwe vya chokaa ndani ya tezi huzuia mawimbi. Tezi ikiwa kubwa mno, sehemu ya mbele haifikiwi. Madhara hupungua lakini hayatoweki: mrija wa mkojo huweza kusinyaa, nguvu za kiume huweza kupungua, na kwa nadra tundu hutokea kati ya puru na mrija. Tena seli za saratani zaweza kujificha mahali pasipounguzwa. Kwa hiyo mgonjwa lazima aendelee kupimwa.

Mwaka 2022 ilitangazwa taarifa ya wagonjwa 1,379 wa Uingereza waliotibiwa sehemu tu ya tezi kwa njia hii. Baada ya miaka 7, asilimia 69 hawakuwa wamehitaji tiba nyingine ya tezi nzima au ya mwili mzima, wala saratani haikuwa imesambaa au kuwaua. Matokeo hayo yatia moyo, lakini hawakugawanywa kwa kura pamoja na kundi la kulinganisha. Uchunguzi mwingine wa Uingereza, uliowagawanya kwa kura wanaume 1,643 katika upasuaji, mionzi au kufuatiliwa tu kwa vipimo, ulitangazwa mwaka 2023: baada ya miaka 15, asilimia 97 hivi hawakufa kwa saratani hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Kwa hiyo mwenye saratani inayokua polepole hana budi kuuliza kwanza kama ahitaji tiba yoyote kwa sasa.

7. Hitimisho

Fokasi huunguza pale inapoelekezwa tu. Haiwezi kuifuata saratani iliyokwisha kuenea mifupani. Saratani hii mwanzoni mara nyingi haina dalili, na katika nchi zetu wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Kwa hao, kifaa hiki hakina msaada. Mwanamume anayeogopa kupimwa kwa kuwa anaogopa kisu ajue kwamba tiba zisizo za kisu humfaa zaidi aliyewahi.

Maswali ya darasani

1. Tafuta urefu wa wimbi la ultrasaundi ya hezi 4,000,000 katika nyama laini.
2. Ikiwa kiputo cha hewa kimebaki ndani ya mfuko wa maji, eleza yatakayoipata nishati ya mawimbi.
3. Kwa nini kundi la kulinganisha ni la lazima kabla ya kusema tiba moja ni bora kuliko nyingine?